Haibridi au Saluni? Iulize Barabara ya Sirisia

Anayetaka kutoa Toyota Aqua au Prius yake, aongeze pesa juu na kuondoka na saluni kubwa kama Mark X au Crown, hupata washauri wawili kabla hata ya kufika kwenye yadi. Wa kwanza humwambia amerogwa: nani huacha gari linaloonja petroli akafuata linaloinywa? Wa pili humpongeza kwamba hatimaye mgongo wake utapumzika. Kila mmoja ana hoja yake, ila wote wamesahau kumuuliza jambo la kwanza: gari hilo hupita wapi kila siku?

Kwa mkazi wa Sirisia swali hilo ndilo kiini cha mambo. Sirisia iko magharibi mwa kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, na mpaka wa Uganda uko hapo Lwakhakha. Safari za huku ni za kwenda sokoni Chwele, Malakisi, Bungoma mjini, au kupitia Kimilili hadi Kitale. Ni kilomita nyingi za mwendo mmoja, vilima vya hapa na pale, kisha murram ya kuingia nyumbani. Foleni ya saa nzima ni habari ya Nairobi. Haibridi ilibuniwa kwa ajili ya foleni hiyo.

Petroli inayopotelea kwenye breki

Wazo la kuunganisha injini na mota ya umeme katika gari moja si geni. Ferdinand Porsche aliunda gari la namna hiyo mwaka 1900. Lakini haibridi ya kuuzwa kwa wingi ilingoja hadi Desemba 1997, Toyota ilipoizindua Prius nchini Japani. Tatizo lililokuwa likitatuliwa ni la miji: gari huenda kidogo, husimama, huenda tena.

Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na abiria, likienda kilomita 50 kwa saa. Nishati iliyomo katika mwendo huo ni takriban kilojuli 135. Dereva akikanyaga breki, gari la kawaida huigeuza yote kuwa joto kwenye diski na pedi, na joto hilo hupotea hewani. Sasa, lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 9 za nishati, ila injini ya kawaida ikiwa mjini hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake tu. Ukipiga hesabu, kusimama mara 60 kutoka mwendo huo ni sawa na kumwaga lita nzima.

Haibridi huiokota sehemu ya nishati hiyo. Ukiachilia mafuta au ukigusa breki, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kupeleka umeme kwenye betri. Gari likisimama, injini huzima. Ukiondoka, mota ndiyo husukuma kwanza. Katika Prius na Aqua, injini na mota mbili za umeme zimeungana kwa gia zinazozungukana, na kompyuta huamua kila wakati nani afanye kazi kiasi gani. Injini yenyewe hufuata mfumo uliopewa jina la Mwingereza James Atkinson, mhandisi wa karne ya 19. Mfumo huo hukamua nguvu zaidi kutoka kwa kila tone la petroli, lakini huifanya injini iwe dhaifu katika mwendo mdogo. Udhaifu huo ndio unaozibwa na mota.

Faida hiyo basi hutegemea idadi ya mara unazosimama. Aqua ilipozinduliwa Japani Desemba 2011, ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita katika kipimo cha nchi hiyo kiitwacho JC08. Kipimo hicho hufanyika maabara kwa muda wa dakika 20 hivi, gari likienda kilomita 8 kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na kusimama kila baada ya muda mfupi. Hakuna anayetoka Chwele kwenda Bungoma kwa wastani huo, labda awe nyuma ya trekta la miwa.

Kushuka kutoka Kitale

Wenye haibridi huku hujifariji kwa vilima: tukishuka, betri inajaa bure. Hesabu inawaunga mkono nusu tu.

Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ina vipande 28 vilivyofuatanishwa kufikia volti 201.6, na jumla ya nishati yake ni karibu kilowati-saa 1.3. Ili idumu, kompyuta huiruhusu kutumia kama asilimia 40 tu ya kiasi hicho, yaani nusu kilowati-saa. Gari la kilo 1,400 likishuka mteremko mkali, mita 130 za kwenda chini zinatosha kutoa nishati hiyo yote. Ukishuka kutoka mlimani upande wa Kapsokwony, betri hujaa mapema, na mteremko uliobaki huenda bure. Ukigeuka kupanda, mambo ni hayo kwa kinyume. Mota ikichota kilowati 20, akiba hiyo haifiki dakika mbili, kisha injini hubaki peke yake ikinguruma kwa sauti ambayo wenye magari hayo wanaijua vizuri.

Barabara ndefu ina kisa kingine. Kitale iko kwenye kimo cha takriban mita 1,900 na Bungoma mita 1,400 hivi. Tofauti ya mita 500 ni kubwa, lakini imetandazwa kwenye zaidi ya kilomita 80 kupitia Webuye. Mteremko wa polepole kiasi hicho hautoshi hata kushinda msuguano wa tairi na ukinzani wa hewa kwa kilomita 80 kwa saa. Injini bado inapaswa kusukuma, kwa hiyo hakuna cha kuokota. Hapo haibridi hubaki gari la petroli lenye umbo jembamba na injini yenye nidhamu. Bado hutumia mafuta kidogo, ila pengo kati yake na saluni ndogo hupungua sana.

Kuna jambo moja ambalo nyanda za juu huipa haibridi. Kitale, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Mota ya umeme haipumui, kwa hiyo haipotezi chochote. Anayeondoka kituoni Kitale kwa haibridi huondoka kwa nguvu zilezile za umeme ambazo angekuwa nazo Likoni.

Tundu lililo kando ya kiti

Fungua mlango wa nyuma wa Prius uangalie pembeni mwa kiti, karibu na bega la abiria. Kuna dirisha dogo lenye vipasuo, na wengi hudhani ni pambo au spika. Ndipo betri inapovutia hewa ya kujipooza. Feni huvuta hewa kutoka ndani ya gari, huipitisha katikati ya vipande vya betri, kisha huitoa. Katika Aqua tundu hilo liko chini, kwenye kiti cha nyuma.

Kiangazi cha Januari, vumbi jekundu la murram huingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Vumbi hilo huchanganyika na nyuzi za nguo na kugandamana kwenye feni. Ongeza gunia la mahindi au magunia ya vitunguu kutoka Chwele yaliyoegemezwa palepale kwenye tundu, na betri hubaki kwenye joto. Betri za nikeli za aina hii huzeeka haraka zikipata joto jingi. Kwa kuwa vipande vyake vimefuatana kama shanga kwenye uzi mmoja, kimoja kikidhoofika vyote huburutwa nacho. Pembetatu nyekundu huwaka kwenye dashibodi, na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu huona msimbo P0A80: betri imefika mwisho.

Umri nao una neno lake. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na magari mengi hufika yakiwa karibu na ukomo huo. Nchini Marekani, kwa miaka mingi Toyota ilidhamini betri za haibridi kwa miaka 8 au maili 100,000. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa Kenya mara nyingi huanza kulitumia gari pale ambapo dhamana kama hiyo ingekuwa inaisha. Betri nyingi huenda mbali zaidi ya hapo, lakini hatari imeshahamia mfukoni mwake.

Starehe hupimwa kwa sekunde

Mazungumzo ya starehe huanzia kwenye viti vya ngozi, lakini mwili wenyewe hujali zaidi idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya juu-chini ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu tumbo na uti wa mgongo huitikia kwa mwendo huohuo. Wahandisi huchagua springi ili bodi ya saluni nzuri ipande na kushuka polepole, mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde, karibu na mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Barabara nayo ina mdundo wake. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba gurudumu likipita juu ya mchanga kwa mwendo unaozidi kiwango fulani, mawimbi hujitokeza yenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi. Ndiyo maana murram iliyochongwa na greda leo hurudi kuwa na mikunjo baada ya muda mfupi.

Tuseme mikunjo hiyo imeachana kwa sentimita 60. Ukipita kwa kilomita 12 kwa saa, gari hupigwa mara 5 na nusu kwa sekunde, katikati kabisa ya eneo linaloumiza mwili. Kwa kilomita 30 hupigwa mara 14 hivi, mwendo ambao magurudumu yenyewe huanza kurukaruka. Ukifika 60, mapigo ni mara 28, na springi huyameza. Madereva wa Probox hawakufundishwa hesabu hii, lakini wanaijua: kwenye mikunjo, huongeza mwendo. Hatari ni kwamba tairi linaloruka halishiki barabara, na kona ya murram haisamehi.

Urefu wa gari pia huchangia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Aqua ina milimita 2,550, Crown ya 2012 na Mark X ya mwisho zina 2,850. Tuta lilelile huinua pua ya gari refu kwa pembe ndogo zaidi, kwa kiasi cha asilimia 10. Kisha kuna siri ya miaka ya 1930 ya Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors. Aligundua kwamba springi za nyuma zikiwa ngumu kidogo kuliko za mbele, sehemu ya nyuma huiwahi ya mbele baada ya tuta, na gari hutulia badala ya kunesa kama kiti cha bembea. Zaidi ya hayo, nyuma ya Aqua magurudumu mawili yameunganishwa na boriti moja, kwa hiyo shimo la kushoto husikika kulia. Mark X na Crown zina mikono tofauti kwa kila gurudumu. Lakini jihadhari: Premio, saluni inayopendwa sana Kenya, nayo ina boriti nyuma. Saluni si jina la starehe.

Soma ubavu wa tairi

Inama usome maandishi ya tairi. Aqua nyingi huvaa 175/65R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu. Hapo ubavu ni milimita 114. Mark X ya kawaida huvaa 215/60R16, ubavu wa milimita 129. Hewa na mpira wa ubavu ndio springi ya kwanza ya gari. Sasa itazame Mark X ya rimu kubwa zinazong'aa, 235/45R18: ubavu ni milimita 106, mfupi kuliko wa Aqua. Anayebadilisha gari ili apate starehe, kisha akachagua rimu kwa macho, atakuwa amelipia springi nzuri na kuziwekea viatu vya mbao.

Kabla ya kutia sahihi

Fedha zipigiwe hesabu kwa barabara yako. Tuseme unaenda kilomita 1,000 kwa mwezi na petroli ni shilingi 180 kwa lita. Haibridi ya kilomita 20 kwa lita itakunywa lita 50. Saluni ya silinda sita ya kilomita 10 kwa lita itakunywa 100. Tofauti ni shilingi 9,000 kila mwezi, 108,000 kwa mwaka. Saluni ndogo ya kilomita 14 kwa lita huipunguza tofauti hadi chini ya 4,000. Mwenye teksi inayozunguka Bungoma mjini, akisimama kila baada ya mita mia mbili, hana sababu ya kuiacha haibridi. Mwalimu au mfanyabiashara wa Sirisia anayesafiri mbali kwa mwendo mmoja, kisha akamalizia kwa murram, ana sababu nzuri. Na asiyetaka kuchagua, zipo saluni zenye vyote viwili: Crown Hybrid iliyotoka Desemba 2012 ina urefu na mikono ya magurudumu ileile, pamoja na injini ya lita 2.5 na mota. Ila betri yake nayo ina umri.

Unapotoa gari lako, mwombe fundi aiunganishe mashine na kusoma volti za kila kundi la vipande vya betri wakati gari likivuta mlimani. Karatasi ya vipimo hivyo huzima hofu ambayo muuzaji angeitumia kukushushia bei. Unapopokea la kwake, liendeshe kwenye murram yako mwenyewe, likiwa na mzigo wako, kwa kilomita 12 kwa saa kisha 40. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anajua jambo kuhusu shoki za gari lake ambalo wewe hujaambiwa.