Nywele za panjani zikiondoka

Alasiri katika saluni moja ya Hai Jalaba, mjini Juba, mteja ameketi kwenye kiti kifupi, kichwa kimeegemea goti la msusi. Rasta zimefika mstari wa tatu. Msusi anakamata nywele chache za panjani, anazivuta mpaka ngozi inainuka kama kitambaa kilichofinywa, kisha vidole vinaanza kazi.

"Dada, umenikaza."

"Vumilia kidogo, mama. Baada ya siku mbili zitalegea."

Mteja anafumba macho. Kwenye simu aliyoipakata kuna tangazo la kliniki ya Istanbul: mwanamke mmoja, picha mbili, kabla na baada ya kupandikizwa nywele.

Jina la mtaa huu linatokana na jalaba, wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Leo saluni nyingi za Juba zina wasusi wa kutoka Uganda na Kenya, na Kiswahili husikika humo sambamba na Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanamhusu pia dada wa Kampala, wa Mombasa na wa Mwanza: msuko ni uleule, gundi ya wigi ni ileile, na panja zinapungua vilevile.

Upasuaji huo wa kwenye simu ni wa kweli na unafanya kazi. Lakini hauzalishi nywele mpya. Unahamisha zilizopo. Daktari huchukua vinyweleo vyenye afya kisogoni na kuvipanda pale palipo na upungufu, kama mkulima anayetoa miche kitaluni na kuipeleka shambani. Mwaka 1939 daktari Mjapani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, lakini vita vikafunika habari zake. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alichapisha jambo ambalo fani nzima imelitegemea tangu hapo: kinyweleo kilichohamishwa huendelea na tabia ya kule kilikotoka. Cha kisogoni kilichozoea kuishi miaka mingi kitaishi hivyo hivyo hata kikipandwa mbele.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Swali ni kwa nini nywele zimetoka, na kama kilichozitoa kimekwisha.

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila moja hukua miaka kadhaa, hupumzika miezi kama mitatu, kisha hudondoka ili nyingine ichukue nafasi. Kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikijaa kwenye chanuo miezi miwili hadi minne baadaye, na moyo ukamwenda mbio. Kwa wengi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Homa kali, njaa, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo nayo hupukutisha nywele. Mtoto mwenye mabaka ya upara yanayowasha huenda ana mapunye, na hayo yanahitaji dawa ya kumeza. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji kupasuliwa.

Mteja wa saluni ni mwingine. Nywele inapovutwa wiki baada ya wiki, mzizi wake hupata uvimbe. Vipele vidogo huota kwenye mstari wa msuko, wakati mwingine vikiwa na usaha, na usiku mtu hawezi kulaza kichwa kwenye mto. Huo ni wakati wa kufumua, kwa sababu kinyweleo bado kiko hai na nywele zitarudi. Mvuto ukiendelea miaka, kovu huchukua nafasi ya kinyweleo. Ngozi hulainika na kung'aa, na vile vitundu vidogo vya kutokea nywele havionekani tena. Hapo mafuta ya mnyonyo hayasaidii, wala maji ya kitunguu, wala chupa yoyote ya dukani. Dalili moja ambayo watafiti waliielezea mwaka 2011 kila mwanamke anaweza kuitazama kwenye kioo: mbele kabisa, ukingoni mwa kipaji, husalia mstari mwembamba wa nywele fupi na malaika, na nyuma ya mstari huo ndipo penye upara. Nywele hizo fupi zilisalimika kwa kuwa vidole vya msusi havikuzishika.

Tatizo hili si la watu wachache. Huko Cape Town, utafiti ulioongozwa na daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta upara wa kuvutwa kwa asilimia 31.7 ya wanawake waliochunguzwa. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 2.3. Kazi yake pia ilionyesha kwamba hatari huongezeka sana mtu anaposuka au kushonea nywele za bandia juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Wahenga walisema mtaka uzuri hudhurika, nasi tumewafundisha binti zetu hivyo tangu wakiwa na miaka minne, tukiwabana kichwa katikati ya magoti huku wakilia. Katika jambo hili sikubaliani na wahenga. Msuko unaouma umesukwa vibaya.

Upara mwingine huanzia utosini na kutanuka polepole, pengine kwa kuwasha au kuchoma. Zamani lawama zote ziliangukia chanuo la moto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba karibu robo ya wanawake wenye upara huu waliowachunguza walikuwa na hitilafu katika jeni moja inayohusika na uundaji wa unywele. Ugonjwa huu huacha makovu, na ukipanda nywele wakati bado unawaka, utazila na hizo mpya. Madaktari hukata kipande kidogo cha ngozi kukipima, hutibu uvimbe, na husubiri mwaka au zaidi ugonjwa ukiwa umetulia. Hata baada ya hapo wengi hupanda vinyweleo vichache kwanza waone kama vitashika.

Upasuaji wenyewe huchukua saa nyingi, mgonjwa akiwa macho, kichwa kimepigwa ganzi. Daktari ama hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni na kuugawa, ama hung'oa kinyweleo kimoja kimoja kwa kibomba chenye upana wa takriban milimita moja. Hapa ndipo nywele zetu zinapodai fundi anayezijua. Unywele wa kipilipili haujipindi nje tu. Hata chini ya ngozi mzizi wake umepinda kama mundu. Kibomba kikishuka wima kinaukata katikati, na kinyweleo kilichokatwa ni mbegu iliyoungua. Tena yuko mwenye ngozi inayotoa makovu ya kuvimba. Anapaswa kulisema hilo kabla kisu hakijashikwa.

Wiki mbili hadi sita baada ya kupandwa, nywele hizo hudondoka. Wengi hulia wakidhani wametapeliwa, kumbe mzizi umebaki. Chipukizi huanza mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu wa Juba anayepanda ndege kwenda Istanbul anapaswa kujua mapema ni nani atakayemtazama akirudi, kidonda kikitunga usaha. Madaktari wa ngozi ni wachache katika ukanda wetu. Kituo cha mafunzo cha Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Picha ya panja iliyopigwa kwenye mwanga mzuri na kutumwa kwa mmoja wao ni hatua ya kwanza nafuu kuliko tiketi.

Pale Hai Jalaba, mteja amefumbua macho. Anagusa panja kwa ncha ya kidole, kisha anainua mkono.

"Huu mstari wa mbele, dada, nifumulie. Hizi ndogo ziache nje."

Msusi anasita, anachukua chanuo la mkia, na kuanza kufumua.