Namna samaki wanavyoongezeka ziwani, na wajibu wetu wa kuutunza uumbaji

Katika mialo mingi ya Ziwa Victoria husikika lalamiko moja: samaki wamepungua. Wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu, na wapo wanaosema samaki wamehamia maji ya mbali. Imani haituzuii kuhesabu. Kwa hiyo tutazame jinsi viumbe wanavyoongezeka na jinsi wanavyokwisha.

Wataalamu wa ikolojia huita jamii viumbe wote wa aina moja wanaoishi mahali pamoja na kuzaliana. Sangara wa ziwa letu ni jamii moja, dagaa ni jamii nyingine. Idadi ya jamii hubadilishwa na mambo manne: kuzaliwa, kufa, kuingia na kuhama.

Chakula na nafasi vikiwa tele, ongezeko huzaa ongezeko. Samaki 1,000 wakiongezeka maradufu kila mwaka, baada ya miaka 10 watakuwa 1,024,000. Ziwa letu limeona mfano wake. Sangara waliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuta furu wengi wa kula, na katika miaka ya 1980 idadi yao ikapanda kwa kasi kubwa, huku aina nyingi za furu zikitoweka.

Hata hivyo, hakuna jamii iongezekayo bila kikomo. Chakula hupungua, wakubwa huwala wadogo, magonjwa huenea. Idadi ambayo mahali paweza kuilisha kwa kudumu huitwa uwezo wa mazingira.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa ghuba yenye uwezo wa kulisha samaki 10,000. Wakiwapo 1,000, wazazi ni wachache, na kwa mwaka huongezeka 450. Wakiwapo 9,000, nafasi ni finyu, nao huongezeka 450 vilevile. Wakiwapo 5,000, huongezeka 1,250. Ghuba iliyojaa nusu ndiyo izaayo zaidi, na hapo wavuvi waweza kuvua 1,250 kila mwaka bila kuipunguza. Lakini samaki wakibaki 1,000, kuvua 600 tu kwa mwaka kutawamaliza: mwaka wa nne hawatatosha kuvuliwa 600. Mavuno madogo yaweza kuangamiza, ikiwa wazazi wamekwisha kuwa wachache.

Ndiyo maana ukubwa wa samaki ni jambo zito. Dagaa hupevuka kabla ya kutimiza mwaka, hivyo jamii yao hujirudisha upesi. Sangara huhitaji miaka, na jike hupevuka akiwa mkubwa kuliko dume. Jike mkubwa huweza kubeba mayai kwa mamilioni. Katazo la kuvua sangara walio chini ya sentimita 50 limewekwa ili samaki wapate nafasi ya kukua. Kokoro na nyavu za macho madogo huwakusanya wachanga ambao hawajazaa hata mara moja.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 humruhusu mtu aliyekuta kiota kuchukua makinda, lakini humwamuru amwachie mama aende zake. Baba Mtakatifu Fransisko aliikumbusha amri hiyo mwaka 2015 katika Waraka wake Laudato si'. Haikatazi kula, inakatazwa kuchukua kile kitakachozaa chakula cha kesho.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu maskini. Baba mwenye watoto wenye njaa na deni la mashine hawezi kungojea miaka mitatu, na anayeacha kokoro peke yake humwona jirani akivua alichokiacha yeye. Wala hesabu za samaki si kipimo cha thamani ya binadamu, ambaye kila mmoja ameumbwa kwa sura ya Mungu. Kwa sababu hiyo uamuzi huu si wa mtu mmoja. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za mialoni zikae pamoja na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wakubaliane maeneo ya mazalia ya kuachwa, na kuzisaidia kwa akiba za jumuiya familia zitakazobadili nyavu. Anayenunua naye asiagize samaki mchanga. Bila mnunuzi, kokoro halina faida.