Nani Atakuja Kwenye Sulhu?

Mwezi wa Mei mwaka 2025, mabaraza ya mji wetu yalishughulika na swali moja kwa muda wa siku nne: Je, wakubwa wale wawili watakutana Istanbul, au hawatakutana? Vita baina ya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Rais wa Urusi, Vladimir Putin, alitangaza tarehe 11 kwamba yu tayari mazungumzo ya uso kwa uso baina ya nchi mbili hizo yaanze tena katika mji huo, tarehe 15. Rais wa Ukraine, Volodymyr Zelensky, akajibu kwamba yeye mwenyewe atakwenda Uturuki na atamngoja huko. Rais wa Marekani, Donald Trump, ambaye siku zile alikuwa safarini katika nchi za Ghuba, naye akasema huenda akapita. Basi kila mwenye redio akawa mwaguzi, na kila mwenye simu ya mkononi akawa mjuzi wa siri za wafalme.

Sisi tusingaliliandika jambo hili katika gazeti la kusomwa majumbani lau si kwa ajili ya kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu hadi akahitimu. Kijana huyu aliwekeana dau na wenzake kwamba Putin atafika. Dau lilikuwa shilingi 40,000, na fedha zile hazikuwa zake. Mamake alimpa akamnunulie mchele wa vitumbua, na kwa vitumbua hivyo ndivyo nyumba ile inavyokula. Usiku wa tarehe 14 ikatoka orodha ya wajumbe wa Urusi: mkuu wao ni Vladimir Medinsky, msaidizi wa rais. Jina la rais mwenyewe halikuwamo. Siku ya pili yake, baada ya sala ya Alasiri, kijana akatujia chuoni, uso umemwiva.

Akatuuliza, "Maalim, je, ni kamari ikiwa mtu alikuwa na hakika ya jambo?"

Tukamwambia, "Mwanangu, ulikuwa na hakika au ulidhani?"

Akasema, "Nilikuwa na hakika, Maalim. Mwenye kuita watu karamuni hakosi kuja."

Kuhusu dau hatukuwa na maneno mengi ya kumwambia, kwani hukumu ya kamari aijua tangu utotoni, na kutudai hakika hakuibadilishi hukumu hiyo. Katika intaneti yako hata masoko ambamo watu huuza na kununua makisio ya namna hii, kama wauzavyo nazi, na vita vya wenzao vimekuwa bidhaa. Lakini ile hoja yake ya karamu ilitufanya tukae naye mpaka karibu na Magharibi. Tuliona kwamba kosa lake la pili lilikuwa kutosoma vizuri, na jambo hilo lamhusu mwalimu.

Ilimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na apigaye bao kutafuta ya kesho amejidhulumu. Ama kutazama wingu ukasema huenda ikanyesha, hilo si ramli. Mambo ya sulhu nayo yana mawingu yake, na ambaye twajua aliyasoma vyema kuliko wote ni Mtume wetu (S.A.W.) siku za Hudaybiya.

Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, Mtume alitoka Madina pamoja na Waislamu wapatao 1,400, wakikusudia Umra wala si vita. Makureshi wakawazuia, kisha wakaanza kupeleka wajumbe, mmoja baada ya mmoja. Alikuja Budayl bin Warqa wa Khuzaa. Alikuja Urwa bin Masud wa Thaqif, mtu aliyeingia katika mabaraza ya Kisra na Kaisari, akarejea akiwaeleza Makureshi kwamba hakuona mfalme atukuzwaye na watu wake kama Muhammad atukuzwavyo na sahaba zake. Alikuja Hulays, mkubwa wa Ahabish. Mtume alipomwona kwa mbali alijua kuwa huyu ni wa watu waheshimuo wanyama wa kuchinjwa Maka, akaamuru wanyama wapelekwe mbele yake awaone. Hulays alipowaona na vigwe vyao shingoni, alirudi kuwalaumu Makureshi wenyewe. Alikuja pia Mikraz bin Hafs, na Mtume akasema kuwa huyu ni mtu mwovu.

Kisha akatokea Suhayl bin Amr. Mtume akawaambia sahaba zake kwamba sasa jambo limekuwa jepesi, na kwamba watu wale wametaka sulhu ndipo wakamtuma mtu huyu.

Natutazame alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa mpole. Alikuwa msemaji mkali wa Makureshi, aliyetekwa Badr akakombolewa. Alipoketi kuandikiana, alikataa yasiandikwe majina ya Mola kama Waislamu wayaandikavyo, akakataa lisiandikwe neno Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hata mwanawe mwenyewe, Abu Jandal, alipofika akiburura minyororo yake kuwakimbilia Waislamu, Suhayl hakulegeza, akadai arudishwe kwa mujibu wa mkataba. Lau vijana wetu wangalikuwapo, wangalisema kuwa mtu mgumu kama huyu hakuletwa ila kuvunja maneno. Kumbe aliyekuwa akibishana juu ya kila neno ndiye aliyepewa idhini ya kufunga mkataba. Wale waliomtangulia walipeleka habari na kuleta habari, hawakuwa na la kufunga wala la kufungua.

Hapo ndipo tulipomrudisha kijana wetu Istanbul. Tulimtaka akumbuke tangazo la Putin. Je, alisema atakuja yeye? Hakusema. Alisema mazungumzo yaanze tena, yale yaliyokatika mwaka 2022. Basi swali lilikuwa nani aliongoza wajumbe wa Urusi mwaka 2022, na jawabu ni Medinsky huyu huyu. Mtu akikwambia turudi kwenye maneno yetu ya zamani, mtarajie mjumbe wake wa zamani. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akasema ya kuwa hilo lilikuwa wazi kama mchana. Tukamjibu kwamba mambo yote huwa wazi yakisha kupita, hata kwetu sisi.

Wala tusijidai. Dalili hizi hudanganya pia. Mjini Paris, Marekani na Vietnam ya Kaskazini zilianza kuzungumza mwezi wa Mei 1968, na Vietnam ya Kusini na wapiganaji wa huko walipotakiwa kuingia, yakapita majuma mengi wakigombea umbo la meza, mpaka Januari 1969. Watu waliitazama meza hiyo miaka na miaka, wakihesabu nani kaketi na nani kasusa. Kumbe tangu Februari 1970 maneno yenyewe yalikuwa yakisemwa kwa siri katika nyumba nyingine, baina ya Henry Kissinger na Le Duc Tho, ambaye mbele ya watu aliitwa mshauri tu wa ujumbe. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 27 Januari 1973.

Na yuko Anwar Sadat wa Misri. Tarehe 9 Novemba 1977 alisema mbele ya bunge lake kwamba kwa ajili ya amani yu tayari kwenda hata katika bunge la Israel. Wengi walidhani ni pambo la hotuba. Siku kumi baadaye ndege yake ikatua huko. Kwa huyo, kusoma maneno kama yalivyo kulitosha, na wenye busara nyingi ndio waliokosea.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna funzo letu la Arusha. Tarehe 28 Agosti 2000, mkataba wa Burundi ulipotiwa sahihi mbele ya Mzee Mandela na Rais Clinton, macho yote yalikuwa kwa wageni watukufu. Makundi mawili makubwa yaliyokuwa na bunduki porini hayakuwamo, na vita vikaendelea. Tangu siku ile, sisi tukisikia orodha ya waliokuja, hutaka kwanza kujua nani hakuja.

Mazungumzo ya Istanbul yalifanyika tarehe 16 Mei katika jumba la Dolmabahçe, Medinsky upande mmoja na Rustem Umerov, waziri wa ulinzi wa Ukraine, upande wa pili. Hayakutimiza saa mbili. Vita havikusimama. Lakini walikubaliana kubadilishana mateka 1,000 kwa 1,000, na baina ya tarehe 23 na 25 mateka hao wakarudi makwao. Upande wa Ukraine wanawake walisimama kando ya mabasi wakiwaonyesha walioshuka picha za watoto wao, huenda mmoja akawa amewaona. Hatukumsikia mtu barazani aliyekuwa ameliagua hilo.

Mwisho wa mwezi kijana akaja tena, akatwambia kuwa wajumbe watakutana mara ya pili Istanbul tarehe 2 Juni, na kwamba kwa maoni yake watakuja Medinsky na Umerov, wakubwa wao hawatakuja. Ikawa kama alivyosema. Tukamwuliza safari hii aliweka kiasi gani.

Akacheka. "Sikuweka kitu, Maalim. Siku hizi mama huenda kununua mchele mwenyewe."