Waya Mwembamba

Kazi yangu hapa Lafey ni kufunga sola, na malalamiko yanayonifikia zaidi ni haya: “Adeer, paneli uliyotuwekea ni mbovu, televisheni inajizima.” Naenda, napima. Paneli nzima, betri nzima. Ubovu uko kwenye waya walioongeza wenyewe, mwembamba, kwa sababu ulikuwa rahisi dukani.

Hesabu yake haichukui dakika. Televisheni ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 5. Tuseme iko nyumba ya pili, mita 20 kutoka kwenye betri. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 40. Shaba ya milimita mraba 1.5 yenye urefu huo ina ukinzani wa karibu nusu omu. Zidisha ampea 5 kwa nusu omu: volti mbili na nusu zimeishia njiani, zimegeuka joto. Televisheni inabakiziwa tisa na nusu, inazima. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa weka inveta, umeme uwe wa volti 240. Televisheni ya wati zile zile inavuta robo ampea. Robo mara nusu ni thumuni: waya ule ule sasa unapoteza thumuni ya volti, basi.

Ndiyo maana kituo cha sola cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019 kikiwa na uwezo wa megawati 50 hivi, hakisafirishi umeme kama ulivyotoka kwenye paneli. Inveta huugeuza uwe wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde, kisha transfoma huupandisha volti. Laini ya Garissa, Mwingi hadi Kindaruma ni ya volti 132,000.

Na transfoma ni kazi ya sumaku. Koili mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Mkondo wa koili ya kwanza ukibadilika, usumaku ndani ya chuma hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme katika koili ya pili. Michael Faraday alilionyesha jambo hili London mwaka 1831. Umeme wa betri umetulia, haubadiliki, kwa hiyo hauvuki. Anayekuuzia transfoma uiunganishe moja kwa moja na betri anakuibia.

Vijana wa sekondari wakija, nawapa jaribio la Hans Christian Ørsted wa Denmark, la mwaka 1820, ila kwa simu. Fungua dira ya simu. Laza waya mmoja wa televisheni ya betri ya volti 12, bila inveta, kuelekea kaskazini, simu juu yake, kisha washa. Dira inahama. Wa pili uweke mbali, maana nyaya mbili zikikaa pamoja sumaku zao hufutana. Nguvu hiyo ya sumaku, ikikuzwa kwa mizunguko mingi ya waya, ndiyo inayozungusha mota ya pampu chini ya kisima.

Basi ukiingia dukani, usiseme tu “nipe waya wa sola”. Taja umbali, taja ampea, uliza milimita mraba. Kwa televisheni ile ya mita 20, chukua wa 6. Hasara itashuka hadi kama volti 0.6.