Walimu Wakigoma, Ngomeni Inabaki Aje? Story ya CBA Bila Kukuchanganya

Msee, rudi nyuma kidogo. Jumatatu, 26 Agosti 2024. Muhula wa tatu unafunguliwa. Tuseme uko na ndugu yako mdogo wa JSS huko Ngomeni, Magarini. Ameamka mapema, ameiva na yunifomu, anafika darasani anapata viti na ubao tu. Mwalimu hayuko. KUPPET imeita mgomo.

Msee wa Malindi mjini akiwa na doo anaweza tafuta mwalimu wa tuisheni. Ngomeni utampata wapi? Mtoto akikaa home wiki nzima, bahari iko hapo, kazi ya chumvi iko hapo, na kuna wale wakianza kushika hela hawarudi shule. Na hapo ndipo mahali Waitalia walirusha satelaiti ya Uhuru kutoka baharini mwaka wa 1970! Roketi ilipaa, mtoto wa mtaa anangoja mwalimu.

Sasa, kwani ilifika hapo aje?

Anza na CBA. Huu ni mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mwalimu mmoja hawezi enda kwa TSC peke yake akasema "niongezeni". Chama ndicho hukaa mezani kwa niaba ya wote: KNUT, ambayo iko tangu 1957, na KUPPET ya walimu wa sekondari na vyuo. SRC, ile tume ya mishahara, lazima itoe ushauri kwanza. Mkishaelewana mnatia sahihi, mkataba unasajiliwa kortini, na kutoka hapo si ahadi ya mkutano wa siasa tena. Ni sheria.

Mkataba wa 2021 hadi 2025 ulianza bila hata shilingi ya nyongeza. Walimu wakapiga kelele, na Agosti 2023 ukarekebishwa. Wakakubaliana mshahara uongezwe kwa awamu mbili: Julai 2023 na Julai 2024. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ndiyo ilileta noma.

Juni 2024 unaikumbuka, labda hata ulikuwa barabarani. Tarehe 25 wasee wakaingia Bunge, wengine hawakurudi home. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Serikali ikapiga hesabu: kuna shimo la bilioni 346. Suluhisho lake? Kata matumizi ya bilioni 177, zingine ukope.

Sasa panga la bajeti likitoka, linaangukia nani? Awamu ya pili ya walimu ikajipata hapo chini yake. Hata walimu 46,000 wa intanshipu wa JSS, waliokuwa wanangoja kuajiriwa kabisa, wakaingia hofu.

Na hawa wa intanshipu ni rika lako. Wamemaliza chuo, wako na namba ya TSC, wanafunza darasa zima, lakini mwezi ukiisha ni elfu 20, na makato yakipita inabaki kama 17. Toa kodi na nauli ya boda, uniambie unabaki na nini. Aprili 2024 korti ilikuwa ishasema kuajiri mwalimu aliyehitimu kwa mpango huo si halali.

Hapo serikali ikawa na jibu rahisi: mlikataa ushuru, doo itatoka wapi? Vyama navyo vikajibu: mkataba ulitiwa sahihi kabla ya mswada, kateni safari na starehe za wakubwa kwanza. Ukikataa ushuru hujasema mwalimu asilipwe. Umesema pesa iliyoko itumike vizuri. Lakini pia tusidanganyane: bajeti ikipungua kuna mtu ataguswa, na asiye na mtu mezani ndiye huguswa kwanza.

Iliisha aje? Pesa ya awamu ya pili ikarudishwa. KNUT ikasitisha mgomo dakika za mwisho. KUPPET ikaendelea kama wiki moja, korti ikaingilia, na 3 Septemba ikasitisha. Wale 46,000 wakapata ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Halafu Julai 2025 ukatiwa sahihi mkataba mwingine, wa hadi 2029.

So next time ukisikia "mgomo", kabla uchague upande uliza mambo matatu. Moja, kuna mkataba uliosajiliwa ama ni ombi tu? Mbili, chama kilitoa notisi ya siku 7 venye sheria inataka? Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanyakazi haki ya kugoma, lakini njia ya kufuata iko. Tatu, kama bajeti imekatwa, ni nani aliamua ikatwe hapo na si kwingine?

Hilo la tatu ndilo muhimu zaidi, na halijibiwi Ngomeni. Linajibiwa Nairobi, kila mwaka kabla ya Julai, wakati wengi wetu tunacheki mambo mengine. Mwaka ujao icheki mapema. Ndugu yako wa JSS hana chama cha kumwongelea. Ako na wewe tu.