Fahamu: Sanaa yapata mkondo wake katika shule za Kenya

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mkondo wa sanaa na michezo ulikuwa mmoja kati ya mitatu ya kuchagua. Mchoraji, mpiga ala na mwigizaji sasa wana njia rasmi.

Si jambo dogo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, haukuwa ukitahini uchoraji wala muziki katika miaka yake ya mwisho. Kipindi cha sanaa kilikuwepo kwenye ratiba. Mara nyingi kililiwa na hisabati.

Sanaa ilipata hifadhi kwenye tamasha za muziki na drama. Huko mwanafunzi hujifunza kungoja zamu yake na kusema jambo zito kwa mafumbo. Wakubwa nao huyaelewa mafumbo, tena haraka. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya Butere Girls, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku hadi mahakama ikaurudisha jukwaani. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika kwenye tamasha la Nakuru na mchezo Echoes of War, amri ya mahakama ya kuuruhusu ikiwa mkononi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje, polisi walirusha gesi ya kutoa machozi.

Kikwazo cha sasa cha mkondo huu mpya ni cha kawaida zaidi: ala, rangi, ukumbi wa mazoezi, na mwalimu aliyelisomea somo lenyewe. Mzazi anayejaza fomu ya kuchagua mkondo aulize hayo kwanza, kabla ya kuuliza karo.