Timu zinapofukuzana, nani anamfukuza nani?

MWALIMU mmoja wa Kiswahili kutoka Embu ameniandikia kuhusu istilahi iliyozua mjadala darasani alipokuwa akifunza sajili ya michezo. Wanafunzi walikutana na maneno “mbio za kufuata za timu”, mmoja akauliza: “Mwalimu, hiyo timu inamfuata nani?” Mwenzake wa Meru naye anashikilia kwamba sahihi ni “mbio za kufukuzana kwa timu”. Wanataka niamue.

Swali hili si dogo. Tangu Kigali ilipoandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani mnamo Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, hamu ya mchezo huu imepanda katika eneo letu. Lakini mbio za uwanjani ni jambo jingine. Kinoru kule Meru na Moi kule Embu, viwanja vilivyoandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018 na 2023, ni vya soka na riadha. Hatuna velodromu. Kijana wa hapa hukutana na mchezo huu kwanza kupitia neno, gazetini au redioni. Neno likipotoka, mchezo wenyewe unampotea.

Hebu tuanze na mambo yanayotokea uwanjani. Timu mbili, kila moja ikiwa na waendeshaji wanne, huingia kwenye njia ya mviringo ya mita 250 yenye kona zilizoinuliwa upande wa nje. Moja huanzia upande huu na nyingine upande wa pili, mkabala. Wanaume huendesha kilomita nne, yaani mizunguko 16. Kwa kuwa njia ni duara, kila timu iko mbele ya nyingine na papo hapo iko nyuma yake. Saa husimamishwa gurudumu la mbele la mwendeshaji wa tatu linapokata mstari, kwa hivyo timu inaweza kumwacha mmoja njiani bila kuadhibiwa. Timu ikiifikia nyingine kabla ya mizunguko kwisha, imeshinda.

Sasa tupime vitenzi. “Kufuata” kunadai wa mbele na wa nyuma, na hapa hakuna aliye mbele daima. Tukitia kiambishi cha kauli ya kutendana tunapata “kufuatana”, lakini neno hilo limeshapata maana yake: mtu na mkewe hufuatana sokoni, kwa amani kabisa. “Kuandamana” nako, kwa Mkenya wa leo, ni mabango na vitoa machozi. “Kukimbizana” si kubaya, ila limetokana na “kimbia”, kitenzi chenye maana ya kwenda mbio na pia kutoroka. Katika mbio hizi hakuna anayetoroka.

Linabaki “kufukuzana”. Najua pingamizi lake. “Fukuza” limezoeleka kwa mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, au mfanyakazi aliyeachishwa kazi. Lakini tazama kiambishi -ana kinavyofanya kazi. Mwalimu humfukuza mwanafunzi. Hao wawili hawafukuzani. Mara tu tendo linapokwenda pande zote mbili, maana ya kutimua huondoka na inabaki ile ya mbio. Timu hii inaifukuza ile, na ile inaifukuza hii. Silabi mbili tu zimeeleza kanuni ya mchezo. Wala mtoto wa Meru au Embu hahitaji darasa refu kulielewa hilo, kwani Kimeru na Kiembu, kama lugha nyingine za Kibantu, vina kiambishi hicho hicho.

Hata hivyo, mwalimu wa Meru hajamaliza kazi. “Kufukuzana kwa timu” kunaacha shaka: ni timu mbili zinazofukuzana, au ni wenzi wanne wa timu moja? Wenzi hawafukuzani; wao hupokezana. Aliyewahi kuteremka Nithi kwa baiskeli anajua upepo unavyompiga mtu kifuani. Kwenye uwanja, wa mbele ndiye anayekata upepo huo, na watatu hujikinga nyuma yake. Akichoka, hupanda juu kwenye kona iliyoinuliwa, wenzake wakapita chini yake, naye akashuka kushika mkia. Katika riadha wanapokezana kijiti. Hapa wanapokezana upepo. Ndivyo Australia ilivyomaliza kilomita nne kwa dakika 3 na sekunde 40.730 katika Olimpiki ya Paris 2024, mwendo wa takriban kilomita 65 kwa saa, ikaweka rekodi ya dunia siku hiyo kisha ikatwaa dhahabu.

Mbona nahimiza usahihi hivi? Kumbuka Agosti 3, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo. Denmark ilikuwa ikifukuzana na Uingereza. Charlie Tanfield, aliyekuwa wa tatu katika kikosi cha Uingereza, alikuwa ameachwa na wenzake. Frederik Madsen wa Denmark, kichwa kikiwa kimeinama, akamgonga kwa nyuma na wote wakaanguka. Waamuzi walishauriana kabla ya Denmark kuruhusiwa kwenda fainali, ambako ilishindwa na Italia. Sasa mtangazie tukio hilo msikilizaji wa redio asiye na picha. Ukimwambia timu moja “ilikuwa ikifuata” nyingine, atadhani ni ajali ya barabarani. Kwani aliye nyuma akimgonga wa mbele anapewaje fainali? Ukisema zilikuwa zikifukuzana na swali likawa iwapo Uingereza ilikuwa imefikiwa, ataelewa waamuzi walikuwa wakipima nini.

Pendekezo langu basi ni “mbio za timu kufukuzana”. Hapo mtendaji ni timu, na tendo ni la pande mbili. Mashindano ya mtu mmoja dhidi ya mwingine yaitwe “mbio za wawili kufukuzana”. Anayekamatwa “amefikiwa”, na waliomo katika timu “wanapokezana uongozi”. Mwanahabari aandike: “Denmark ilifukuzana na Italia katika fainali.” Msomaji wa Runyenjes au Nkubu ambaye hajawahi kuona velodromu atajua mara moja kwamba kila mmoja alikuwa akimwinda mwenzake.